Nafaka, Utumwa na Hati: Historia ya Kilimo cha Malindi na Kilifi

Mageuzi ya muundo wa uchumi ni yale mabadiliko ambayo kwayo nguvukazi na mtaji huhama polepole kutoka shambani kwenda viwandani na kwenye huduma, baada ya tija ya kilimo, yaani mavuno ya kila mkulima au kila eka, kupanda kiasi cha kuleta ziada. Historia ya Malindi na Kilifi yaonyesha kwamba ziada yaweza kuwa nyingi na mageuzi hayo yasitokee, ikiwa anayelima hana haki juu ya ardhi wala juu ya jasho lake.

Malindi, mji uliompokea Vasco da Gama mwaka 1498, ulififia baada ya mtawala wake kuhamia Mombasa chini ya Wareno, na ulikuwa magofu hadi mwanzoni mwa miaka ya 1860, Sultani Majid wa Zanzibar alipopeleka askari kuulinda. Katika muda mfupi mashamba ya mtama na ufuta yalienea kandokando ya mji, na majahazi yakabeba nafaka hadi Arabuni. Hata hivyo, ukuaji huo haukutokana na zana mpya wala mbinu bora za ukulima. Ulitokana na ardhi yenye rutuba iliyokuwa imelala, pamoja na watumwa waliozidi kuletwa.

Kwa sababu hiyo, msingi wenyewe ulianza kulegea biashara ya watumwa ilipopigwa marufuku baharini mwaka 1873 na nchi kavu mwaka 1876, huku watoro wakijenga vijiji vyao bara, kikiwemo Fuladoyo. Utumwa ulipofutwa kisheria katika ukanda wa Mwambao mwaka 1907, wenye mashamba walibaki na ardhi bila wafanyakazi, na sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908 ikawathibitishia wengi wao umiliki. Wagiriama, majirani wao wa bara ambao tayari walikuwa wakulima na wauzaji wa nafaka, walikataa kwenda kuajiriwa kwa ujira mdogo. Upinzani uliochochewa na Mekatilili wa Menza, kiongozi mwanamke wa Kigiriama, mwaka 1913 uliishia katika vita vya mwaka 1914, serikali ya kikoloni ya Waingereza ilipojaribu kuwahamisha Wagiriama kutoka kaskazini mwa mto Sabaki.

Tangu hapo wengi waliolima Mwambao walikuwa maskwota, yaani wakaazi wasio na hati. Mwenye shamba aliwaruhusu kupanda mahindi, lakini aliiogopa minazi na mikorosho yao, kwa kuwa mti wa kudumu humpa aliyeupanda dai la kudumu. Mkulima asiyeruhusiwa kupanda mti hana sababu ya kuwekeza katika udongo. Hata jaribio la kuingia viwandani halikudumu: kiwanda cha korosho kilichojengwa Kilifi katika miaka ya 1970 ili kubangua zao hilo papo hapo kilifungwa katika miaka ya 1990, na korosho ghafi zikauzwa nje.

Basi kikwazo cha kilimo cha Malindi na Kilifi hakikuwa uvivu wa wakulima wala ubovu wa udongo, bali umiliki. Na sera yoyote inayogawa mbegu na mbolea kabla ya kutoa hati inaanzia mwisho.