Kapteni Haaland, Moyo Arsenal: Mchezo Uliompa Shabiki Kazi ya Ubosi

Jumatano ya 26 Aprili 2023, saa 4 usiku kwa saa za Bongo, Arsenal waliingia Etihad wakiwa kileleni mwa ligi kwa tofauti ya pointi 5. City walikuwa na viporo viwili mkononi, kwa hiyo kila mtu alijua: hii ndiyo mechi ya ubingwa.

Ikaisha 4-1. Kevin De Bruyne alifunga mawili, John Stones moja, na dakika za nyongeza Erling Haaland akaweka la mwisho. Mabao yote mawili ya De Bruyne yalitoka kwenye pasi za Haaland.

Sasa mchukue shabiki wa Arsenal pale Urambo mjini. Jina halina haja, maana kila grupu la WhatsApp lina mmoja wa aina yake. Jezi nyekundu mwilini, kibanda umiza kimejaa, na roho inauma kweli kweli. Lakini mfukoni kuna simu, na ndani ya simu kuna timu yake ya fantasi. Kapteni wa timu hiyo ni nani? Haaland.

Piga hesabu. Kucheza dakika za kutosha pointi 2. Bao moja la mshambuliaji pointi 4. Asisti mbili, pointi 6. Jumla 12, na kapteni huzidishwa mara mbili. Ishirini na nne, bila bonasi! Ubingwa unaondoka, halafu kwenye grupu anapanda juu. Alie au acheke?

Hilo swali lina zaidi ya miaka 40, na halikuanzia kwenye soka. Lilianzia kwenye besiboli, Marekani.

Mwaka 1960, mwalimu wa chuo aitwaye William Gamson, aliyekuwa Harvard, alianzisha na wenzake mchezo wa kubashiri takwimu za wachezaji wa besiboli msimu mzima. Wakauita semina, jina la heshima kabisa. Mchezo ukamfuata alipohamia Chuo Kikuu cha Michigan, na huko habari zake zikamfikia kijana mmoja mwanafunzi, Daniel Okrent.

Okrent akakua, akawa mwandishi na mhariri. Mwaka 1980 aliwakusanya washkaji zake New York, wakawa wanakutana kwenye mgahawa wa La Rôtisserie Française. Wazo lake lilikuwa rahisi: kila mmoja anapewa bajeti, wanakaa kwenye mnada, wananunua wachezaji halisi kutoka timu tofauti, halafu msimu mzima wanahesabu walichofanya uwanjani. Mwenye takwimu nzuri ndiye bingwa. Mchezo ukachukua jina la mgahawa, ukaitwa Rotisserie.

Mwaka 1981 wachezaji wa besiboli wakagoma. Waandishi wa michezo hawakuwa na mechi za kuandika, wakaanza kuandika kuhusu mchezo huu wa ajabu wa mezani, na ndiyo ukasambaa. Cha kuchekesha ni kwamba Okrent mwenyewe, baba wa kitu chote hiki, hakuwahi kutwaa ubingwa wa ligi yake. Kwa hiyo wewe unayeburuza mkia kwenye grupu, tulia. Uko na watu wazito.

Uingereza ulifika mwaka 1991, pale Andrew Wainstein alipoanzisha Fantasy League ya soka. Zama hizo hakuna aplikesheni, mambo yalikwenda kwa posta, simu na faksi. Mwaka 1994 gazeti la Daily Telegraph likaanza mchezo wake, na BBC ikaweka kipindi cha vichekesho juu ya mada hiyo hiyo. Mwaka 2002 ligi yenyewe ikaleta Fantasy Premier League, bure, mtandaoni. Msimu wa 2022/23 timu zilizosajiliwa zilipita milioni 11.

Bongo nayo imo. Ila safari ya soka kufika Urambo ilikuwa ndefu zaidi.

Enzi za Radio Tanzania Dar es Salaam, shabiki wa bara alikuwa na kitu kimoja tu cha kusubiri: timu yake imeshinda au imefungwa. Mtangazaji alikuwa macho yake. Hakuona krosi wala kadi, alisikia sauti ikipanda na moyo ukapanda nayo. Yanga ya 1935 na Simba ya 1936 zilijengewa mapenzi namna hiyo, kwa masikio, na watu ambao wengine hawakuwahi kuikanyaga Dar.

Baadaye yakaja madishi na vibanda umiza. Zikafuata simu janja na bando. Hapo ndipo shabiki akapandishwa cheo, kutoka msikilizaji mpaka bosi. Anapewa milioni 100 za kufikirika, anasajili wachezaji 15, anapanga kikosi, anachagua kapteni. Akizidisha usajili kuliko alioruhusiwa, anakatwa pointi 4. Akichelewa muda wa mwisho, imekula kwake. Na hapo wengi wanalizwa kila mwaka: Waingereza wanarudisha saa nyuma mwishoni mwa Oktoba, kwa hiyo Jumamosi ambayo dirisha lilikuwa linafungwa saa 7 mchana kwetu, linahamia saa 8. Machi wanaisogeza tena mbele. Aliyezoea saa 8 anafungua simu, anakuta kapteni wake ni majeruhi na mlango umefungwa.

Lakini sheria yenye uchungu kuliko zote ni hii: wachezaji watatu tu kutoka klabu moja.

Isome tena. Hata uipende Arsenal kiasi gani, watatu tu. Wengine 12 lazima uwatafute kwingine, kwa City, kwa Chelsea, hata kwa wale majirani wa Tottenham. Kwa hiyo yule jamaa wa jezi nyekundu hakuisaliti timu yake. Mchezo wenyewe umeandikwa hivyo: huwezi kuwa bosi bila kumwajiri adui.

Watu wa Urambo wana historia ya jambo hilo karibu kabisa. Mji umebeba jina la Mtemi Mirambo, aliyefariki mwaka 1884. Jeshi lake la ruga-ruga halikuwa la ukoo mmoja. Alichukua vijana kutoka sehemu mbalimbali, wakiwemo mateka na watu waliotoka kwenye vita vya wengine, akawapanga upya chini yake. Kwa kikosi hicho mwaka 1871 aliifunga njia ya misafara kati ya Tabora na Ujiji, biashara ya pembe ikakwama. Henry Morton Stanley alimfananisha na Napoleon. Mirambo aliangalia mtu anaweza kufanya nini, hakuuliza kwanza alikotoka.

Tofauti ni kwamba yeye alikuwa anajenga dola. Shabiki wa leo anajenga timu ya kwenye kioo cha simu, na hapo pana gharama ambazo hazionekani haraka.

Gharama ya kwanza ni ile raha ya zamani. Mwenye redio alikuwa na bao moja la kushangilia, na alilishangilia lote. Bosi wa fantasi anashangilia nusu nusu. Arsenal wakifunga, anauliza kwanza nani katoa pasi. Beki wake wa Brighton akiruhusu bao dakika ya 89, anaumia kuliko mtu wa Brighton mwenyewe. Gharama ya pili ni hela. Mchezo ni bure, ila grupu likianza kuchangishana, na baada ya hapo mkeka nao ukaingia, utani umeisha. Ndiyo maana magrupu yenye busara hushindania soda na majigambo, basi.

Faida nayo ipo, na ni kubwa. Fantasi inamlazimisha shabiki kuwatazama wadogo. Mtu asiyewahi kujali timu ya nafasi ya 15 sasa anamjua beki wake wa kushoto, anajua anapiga kona, anajua ni wa bei rahisi. Jicho hilo ukilirudisha nyumbani, linaona mengi.

Mfano uko mkoani Tabora kwenyewe. Agosti 2023, Kitayosce waliingia uwanjani dhidi ya Azam na wachezaji wanane tu kwa matatizo ya usajili, na mechi haikufika mwisho. Watu walicheka nchi nzima. Klabu hiyo ikawa Tabora United. Tarehe 7 Novemba 2024 ikaenda Chamazi, ikaipiga Yanga 3-1. Siku chache baadaye Yanga ikaachana na kocha wake.

Usiku ule, Mwananchi wa Urambo alikuwa kwenye mtihani uleule wa Haaland, safari hii bila aplikesheni wala pointi. Timu ya moyoni imechapwa, na aliyeichapa ni mtoto wa nyumbani. Wapo waliozima simu mapema. Wapo walionuna mbele za watu na kutabasamu wakifika kwao. Mapenzi ya mpira yana nafasi ya watu wawili ndani ya mtu mmoja, na fantasi imetuwekea namba tu kwenye jambo ambalo tayari lilikuwepo.