Gari la rimoti lililoshindwa na bampu

Leo naweka programu kando kidogo. Nimeunguza kichezeo cha mtoto, na katika kutafuta kwa nini kimeungua nimejikuta nasoma historia ya zaidi ya miaka mia moja.

Mambo yalikuwa hivi. Mpwa wangu, tunayekaa naye hapa Fedha, alipofikisha miaka tisa mama yake alimnunulia gari la rimoti kwa pesa alizokuwa ameweka kidogo kidogo. Gari zuri kwa macho, tairi kubwa, rangi nyekundu. Ndani ya geti letu kuna bampu moja. Kila lilipoifikia, gari lilinung'unika, likapandisha tairi za mbele, kisha likarudi nyuma polepole. Watoto wenzake wakalibandika jina: Babu. Kijana akaacha kushuka kucheza.

Nikamwahidi nitalitia nguvu. Nikatoa mawe manne madogo, nikaweka seli mbili za lithiamu nilizotoa kwenye betri kuukuu ya laptop. Lilipanda bampu mara moja, watoto wakashangilia. Mara ya pili likatoa moshi.

"Anko, umeliua?"

Sikuwa na jibu. Usiku ule nikalifungua, nikaanza kujiuliza ni nani aliyeamua gari la aina hii liwe dhaifu hivi.

Wazo la kuendesha kitu kwa redio si la juzi. Nikola Tesla alionyesha mashua ndogo isiyo na waya mwaka 1898 pale Madison Square Garden, New York, na hataza yake ikatolewa Novemba mwaka huo huo. Lakini magari ya kuuzwa madukani yalichelewa sana, kwa sababu vipokezi vya zamani vilikuwa vizito na vinakula umeme. Transista ndiyo iliyofungua mlango. Mwaka 1966 kampuni ya Italia, Elettronica Giocattoli ya Reggio Emilia, ilitoa Ferrari 250LM ya ukubwa wa moja kwa kumi na mbili. Miaka kumi baadaye, 1976, Tamiya ya Shizuoka, Japani, ikatoa Porsche 934. Shunsaku Tamiya wa kampuni hiyo alikuwa amenunua Porsche 911 halisi na kuifungua vipande vipande ili modeli zao zifanane nayo. (Sisi wengine tunafungua ya shilingi mia chache na tunaiunguza.)

Hapo ndipo njia zilianza kuachana. Magari ya Tamiya yaliuzwa yakiwa vipande ndani ya boksi, ukaunganishe mwenyewe. Maana yake ni kwamba kila kilichofungwa kwa skrubu kinaweza kufunguliwa na kubadilishwa. Mfano ninaoupenda ni wa 1984. Mwaka huo Tamiya ilitoa magari mawili yanayokaribia kuwa mapacha: Grasshopper, lenye mota ndogo ya aina ya 380, na Hornet, lenye mota kubwa zaidi ya 540. Vijana waligundua haraka kwamba mota ya 540 inaingia kwenye gia za Grasshopper. Ukianza na gari la bei nafuu, unaweka akiba, unanunua mota, na gari lako linapanda cheo. Udhaifu wa Grasshopper ulikuwa udhaifu wenye mlango.

Njia ya pili ni ya vichezeo vya madukani, na ndiko Babu alikotoka. Huku lengo ni bei. Mota ni ya aina ya 130, ile ndogo yenye urefu wa milimita 25 hivi, ambayo mkiifungua rimoti yoyote ya utotoni mtaikumbuka. Kazi ya redio inafanywa na jozi ya chipu, moja kwenye rimoti na moja kwenye gari, zinazojua amri tano tu: mbele, nyuma, kushoto, kulia, na mwendo wa kasi. Masafa ni megahezi 27, eneo lile lile Marekani ililotenga kwa redio za wananchi mwaka 1958. Ndiyo maana katika ploti moja watoto wawili wenye magari kama haya hugombana: rimoti ya mmoja inaliendesha gari la mwenzake. Siku hizi vichezeo vingi vimehamia gigahezi 2.4 na ugomvi umepungua, lakini Babu ni wa ukoo wa zamani.

Umeme wa mota unapitia transista nne zilizopangwa kama herufi H. Mbili zikifunguka gari linaenda mbele, mbili nyingine zikifunguka linarudi. Transista zenyewe ni za bei ya peremende, na kutegemea aliyezitengeneza zinavumilia kati ya nusu ampea na ampea 1.5.

Sasa tupige hesabu, maana hapa ndipo nilipopata aibu. Nilipima mota yangu: omu 1.5. Gari likikwama kwenye bampu mota haizunguki, kwa hiyo kinachozuia umeme ni omu hizo pamoja na ukinzani wa betri zenyewe. Mawe madogo ya bei rahisi yana ukinzani mkubwa ndani, tuseme nusu omu kila moja. Manne yanakuwa omu 2. Kwenye volti 6 ondoa kama volti moja inayopotea kwenye transista, gawanya 5 kwa 3.5: ampea 1.4. Transista zinanusurika, kwa tabu.

Mmeona? Ubovu wa mawe ndio uliokuwa unazilinda transista. Nilipoweka seli mbili za lithiamu, volti 8.4 zikiwa zimejaa na ukinzani wa ndani karibu na sufuri, ampea zikapita 4. Mimi ninayeshinda nikiwaambia vijana kazini wasiongeze seva kabla ya kupima hifadhidata!

Mawe hayo nayo yana historia yake kwetu. Kiwanda cha Eveready kilifunguliwa Nakuru mwaka 1967, na kwa miaka mingi betri zake kubwa zenye alama ya paka ndizo zilizowasha redio na tochi za nchi hii, mpaka kiwanda kilipofungwa mwaka 2014. Kwa redio, inayokunywa umeme kidogo kidogo, jiwe la namna ile linatosha kabisa. Mota ina kiu ya ghafla. Wenzetu wa Tamiya walilijua hilo, wakatumia seli sita za nikeli na kadimiamu, volti 7.2, zenye uwezo wa kutoa ampea nyingi kwa mkupuo. Betri ya lithiamu-ioni ilikuja sokoni mwaka 1991 kupitia Sony, ikiwa na kamera za video akilini, kisha laptop. Seli ya 18650, milimita 18 kwa 65, leo inapatikana kwa mafundi wa Luthuli Avenue kwa bei isiyouma.

Huko Luthuli ndiko nilikoenda Jumamosi, matatu ikipita pale ilipokuwa Taj Mall kabla ya kubomolewa 2018. Nilinunua seli moja tu yenye kibao cha ulinzi (msicheze na lithiamu isiyo na ulinzi, inawaka moto kweli), na kibao kidogo chenye chipu ya DRV8833. Hii nayo ni daraja la herufi H, ila limetengenezwa kwa mosfeti, ambazo hazipotezi volti moja nzima. Pande zake mbili ukiziunganisha pamoja zinabeba hadi ampea 3, na umeme ukizidi inajizima yenyewe. Chipu ya redio haikuungua, kwa hiyo nikachukua waya kutoka pini yake ya 11, ya mbele, na pini ya 10, ya nyuma, nikazilehemu kwenye kibao kipya.

Hesabu ya pili: volti 4.2 gawanya kwa omu 1.75, jumla ya mota, kibao na seli. Ampea 2.4. Nguvu ya mota ya kuanza kuzunguka inafuata ampea, kwa hiyo nimeshusha volti kutoka 6 hadi 4 na gari limepata nguvu mara moja na nusu zaidi, na ziada. Ilibidi nirudie hesabu mara tatu kabla ya kuiamini.

Tairi za plastiki bado ziliteleza. Tulikata vipande vya slipa kuukuu, tukavigundisha kuzunguka tairi, kama watoto wanavyofanya kwenye magari ya waya tangu zamani.

Jumapili jioni Babu alipanda bampu mara kumi na moja mfululizo, watoto wa ploti nzima wakihesabu kwa sauti. Mara ya kumi na mbili nikasikia kro-kro-kro. Gia ya kwanza baada ya mota, ya plastiki laini, imekatika meno mawili.

Kijana ameshaniuliza tunarudi Luthuli lini.