Peugeot 504 na Corolla: ni lipi lililoshinda?

Hapa Chato ubishi wa magari hauishi. Wapo wanaoapa kwamba Toyota Corolla iliiondoa Peugeot 504 barabarani kwa ubora. Mimi nakataa. Iliiondoa kwa sera.

Tuanze na la Wafaransa, ambalo wengi tuliliita Pijo. Lilitoka mwaka 1968, likisukumwa na magurudumu ya nyuma, springi zake ndefu na laini, tumbo likikaa mbali na mawe. Mwaka 1975 Ove Andersson wa Sweden alishinda nalo mbio za Safari Rally. Aliyewahi kula vumbi la Geita hadi Chato kabla ya lami hahitaji kuelezwa lilishindaje.

Lakini lilikuwa la nani? Kwa sehemu kubwa, la serikali na mashirika ya umma. Mkulima wa pamba alisogea kando, bwana mkubwa akapita. Fedha za kigeni zilikuwa adimu, zaidi baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, na kuagiza gari kulitaka kibali.

Ndipo ikaja bajeti ya 1984 ya Waziri wa Fedha Cleopa Msuya. Mwenye fedha zake nje akaruhusiwa kuingiza bidhaa bila kuulizwa alizipataje. Mwaka uliofuata akaingia Mzee Mwinyi, na milango ikazidi kufunguka.

Hapo Wajapani walikuwa na bahati yao. Wanaendesha kushoto kama sisi, kwa hiyo Corolla iliyochoka Osaka ilishuka bandarini Dar es Salaam usukani ukiwa upande wetu. Wafaransa wanaendesha kulia. Pijo kuukuu la Paris lingetufaa nini? Isitoshe, huko kwao walisimamisha kutengeneza 504 ya saluni mwaka 1983. Spea zikawa za kutafuta kwa tochi, wakati za Corolla zilitundikwa dukani kama mikungu ya ndizi.

Sisemi Corolla ni gari baya. Ila ni fupi, na kwenye makorongo ya masika hukwangua tumbo, hasa likibeba watu wanane mahali pa watano (trafiki, samahani). Pijo lingepita.

Lakini Corolla aliweza kuinunua mwalimu, mchuuzi wa samaki wa Muganza, hata mchimbaji aliyebahatika. Pijo, hata lilipokuwa jipya, watu hao walilitazama tu likipita.