Bomba la Dawa Katika Historia ya Mkulima wa Kahawa

Mwanachama afunguapo kitabu hiki cha ukumbusho wa miaka kumi hutazamia kusoma habari za mizani, maghala, bei na mikutano mikuu. Habari hizo wenzetu wamekwisha kuziandika katika kurasa nyingine. Sisi tumepewa kazi ya kueleza habari za chombo kisichopigwa picha siku ya sherehe, nacho ni bomba la kupigia dawa. Kazi hiyo tumeipokea kwa furaha, kwa kuwa kila tulipotafuta mwanzo wa ushirika wa kahawa katika mlima huu wa Kilimanjaro tulilikuta bomba limesimama mlangoni.

Asili ya dawa yetu ya kahawa si kahawa, bali ni mizabibu. Mwaka 1882 Bwana Pierre-Marie-Alexis Millardet, mwalimu wa elimu ya mimea katika mji wa Bordeaux, Ufaransa, alikuwa akitembea katika mashamba ya wilaya ya Médoc. Wakati huo ukungu ulikuwa ukiangusha majani ya mizabibu mahali pengi. Aliona ajabu: mizabibu iliyo kando ya njia ilikuwa na majani mazima, na ile ya ndani ya shamba imepukutika. Alipouliza aliambiwa kwamba mizabibu ya kando ya njia hupakwa mrututu na chokaa, si kwa ajili ya ugonjwa, ila kuwatisha wapita njia wenye mkono mrefu. Mtu akiona zabibu zina madoa ya buluu huogopa kuzila. Millardet akashirikiana na Bwana Ulysse Gayon, bingwa wa kemia, wakajaribu na kupima, na mwaka 1885 dawa ikatangazwa. Hatujui kama iko dawa nyingine ya mimea iliyoletwa duniani na wezi.

Mwanzoni dawa hiyo ilirashiwa kwa vifagio. Jani moja lilioga na la pili likakosa hata tone, na mrututu ulikuwa na thamani. Ndipo mafundi walipoingia kazini, na mmoja wao aliyepata sifa kubwa ni Victor Vermorel wa Villefranche-sur-Saône, ambaye mabomba yake ya kubebwa mgongoni yalienea mbali. Mkulima wetu akiliona bomba la namna ile leo atalitambua mara moja: tangi la mgongoni, mishipi miwili ya mabegani, mpini wa kusukuma kwa mkono mmoja na mrija wa kuelekeza kwa mkono wa pili. Lilitengenezwa kwa shaba, wala si kwa urembo, maana mrututu hula chuma. Wazee wetu walitumia tabia hiyo kupima dawa: walichovya kisu safi cha chuma katika mchanganyiko, na kikitoka na rangi nyekundu ya shaba walijua kwamba chokaa haijatosha na dawa itaunguza majani. Kipimo kilichozoeleka kilikuwa kilo 1 ya mrututu na kilo 1 ya chokaa kwa lita 100 za maji, ikatumiwa siku ile ile. Dawa iliyolala ilihesabiwa kuwa imeharibika.

Lakini kabla ya dawa hiyo kupatikana, kahawa ilikuwa imekwisha kuonja msiba wake. Mwaka 1869 wataalamu walieleza kwa mara ya kwanza kutu ya majani iliyoonekana katika kisiwa cha Ceylon, ambacho sasa chaitwa Sri Lanka. Katika miaka iliyofuata kilimo cha kahawa kilianguka kule, na mashamba yakageuzwa kuwa ya chai. Habari hiyo ilikuwa ikisimuliwa kwa hofu na kila mwenye shamba la kahawa katika Afrika ya Mashariki, na hofu ile ndiyo iliyoliingiza bomba katika siasa.

Baada ya Vita Kuu ya kwanza Wachagga wengi walipanda kahawa chini ya migomba yao. Masetla waliokuwa na mashamba makubwa hawakupenda. Walisema kwamba vihamba vya Wachagga vitakuwa mazalio ya wadudu na magonjwa, na kwamba kwa usalama wa kahawa yote yafaa mwenyeji azuiwe. Tuseme kweli, hoja ile haikuwa uongo mtupu, maana kimatira hajui mpaka wa shamba, na mbegu za kutu hupeperushwa na upepo bila kuuliza ni za nani. Lakini nyuma yake walikuwako watu waliohofia bei na vibarua kuliko wadudu. Upande wa Kenya hoja kama hizo zilishinda kwa muda mrefu, na Waafrika hawakuruhusiwa kupanda kahawa aina ya arabika mpaka miaka ya 1930, tena kwanza kwa majaribio katika sehemu chache kama Kisii, Meru na Embu.

Huku Kilimanjaro jibu lilikuwa la namna nyingine. Mwaka 1925 kiliundwa chama cha wakulima wenyeji, Kilimanjaro Native Planters' Association, kikiongozwa na Joseph Merinyo, na kupambana na wadudu na magonjwa kulikuwa miongoni mwa kazi zake. Mwaka 1932 ikatoka sheria ya vyama vya ushirika, na mwaka 1933 chama kile kikafuatwa na KNCU. Mtu akisoma haraka atadhani ushirika wetu ulizaliwa kwa ajili ya kuuza tu. Ulizaliwa pia kwa ajili ya kuonyesha kwamba mkulima mwenye miti mia tatu aweza kuitunza sawasawa na mwenye miti elfu thelathini. Haki ya kulima kahawa ilitegemea usafi wa kahawa, na usafi wa kahawa ulitegemea bomba.

Adui mpya alikuwa njiani. Chulebuni, ugonjwa uozeshao buni ikiwa changa mtini, ulionekana kwanza magharibi ya Kenya mwaka 1922, na mwaka 1964 ukaripotiwa Tanzania. Tangu hapo kupiga dawa kwa ratiba kukawa sehemu ya maisha. Dawa za unga wa shaba zilizotengenezwa viwandani zilichukua nafasi ya mrututu na chokaa, na mabomba ya plastiki yakachukua nafasi ya yale ya shaba. Katika miaka hiyo wataalamu wa Kenya waligundua jambo lililowashangaza wao wenyewe: kahawa iliyopigwa dawa kwa majira yasiyofaa, au iliyopigwa kisha ikaachwa, iliweza kuugua chulebuni kuliko ile isiyopigwa kabisa. Sababu ni kwamba juu ya gome la mti huishi vijidudu vingi visivyo na madhara, ambavyo hushindana na ukungu wa chulebuni. Dawa ikija ovyo huviua hivyo, na adui akarudi akakuta nyumba haina mwenyewe. Kadhalika dawa kali za wadudu ziliua nyigu wadogo waliokuwa wakila viwavi wa ndani ya majani, na viwavi wakazidi. Twaliandika hili kwa kuwa bado wako wanachama wasemao kwamba dawa ikizidi haidhuru.

Habari za baadaye wengi wenu mmeziona kwa macho. Mwaka 1976 vyama vikuu vilivunjwa. Mwaka 1982 sheria ikavirudisha. Na tangu msimu wa 1994/95 biashara ya kahawa ikafunguliwa kwa wanunuzi binafsi. Dawa iliyokuwa ikitolewa kwa mkopo na kukatwa katika malipo ya kahawa ikawa ya kununuliwa dukani kwa fedha taslimu. Wengi wakapunguza kupiga, na wengine wakanunua dawa iliyopimwa kwa kijiko na kutiwa katika karatasi au chupa ya soda, bila lebo wala maelezo. Chupa ile ya soda ni hatari kuliko chulebuni. Mtoto haisomi, ainywa.

Chama Kikuu chetu kilipoanza, miaka kumi iliyopita, tulijivunia kurudisha dawa yenye lebo katika maghala ya vyama vya msingi. Bomba lenyewe tulilisahau, na tulijifunza kwa hasara. Katika chama kimoja cha msingi, ambacho hatutakitaja, palikuwa na bomba la kuazimana. Mwanachama mmoja alipigia dawa ya kuua magugu, akalisuuza kwa maji mara moja na kulirudisha ghalani. Wiki ile ile mjane mmoja aliliazima apigie nyanya zake alizozitegemea kwa ada ya shule. Baada ya siku chache majani yakajikunja kama masikio ya mbwa aliyepigwa, na bustani nzima ikafa. Yule bwana hakuwa mwovu. Alidhani maji yameondoa kila kitu. Halmashauri ilimfidia mama yule, lakini msimu wa mvua haufidiwi. Tangu siku hiyo kila ghala lina mabomba mawili yenye rangi mbalimbali, na lililo jekundu ni la magugu tu.

Hilo lilitufanya tujifunze upya namna ya kulitumia. Kwanza ni kupima, maana wengi hupiga kwa mazoea. Mkulima atie lita 10 za maji matupu, apige miti yake kwa mwendo wake wa kila siku, kisha ahesabu. Ikiwa lita hizo zimetosha miti 20, basi miti 500 yataka lita 250, yaani mabomba 12 na nusu ya lita 20. Kutokana na hesabu hiyo atajua anunue dawa kiasi gani, na hatabaki na nusu bomba jioni asijue pa kuimwaga. Matundu ya nozeli nayo hupanuka, hasa kwa unga wa shaba ambao husaga kama mchanga. Nozeli ikitoa zaidi ya kumi katika mia kuliko ilivyotoa ikiwa mpya, itupwe. Ikiziba, isafishwe kwa maji na brashi laini au unyasi. Waya huharibu tundu, na kuipuliza kwa mdomo ni kunywa sumu kwa hiari yako.

Kuhusu mwili, twaomba hasa vijana watusikilize. Watu hudhani sumu huingia kwa pua tu. Aghalabu huingia kwa ngozi: mikono wakati wa kuchanganya dawa nzito, na mgongo wakati tangi linapovuja. Mpira wa kifuniko uliochakaa bei yake ni ndogo, lakini tumeona watu wakivaa shati lililolowa dawa tangu asubuhi hata adhuhuri. Mwenye kuchanganya avae glavu, viatu vya mpira na kinga ya macho. Apige asubuhi mapema au alasiri upepo ukiwa umetulia, asile wala kuvuta sigara, aoge akimaliza, na nguo zifuliwe mbali na za watoto.

Sasa kuosha. Kopo la dawa likiisha litiwe maji kiasi cha robo, litikiswe nusu dakika, na maji hayo yamiminwe ndani ya bomba, si chini. Hivyo mara tatu, kisha litobolewe lisitumike tena. Bomba nalo lisuuzwe mara tatu, kila mara maji yapite katika mpira na nozeli, na maji hayo yapigwe juu ya miti ile ile. Kama lilibeba dawa ya magugu, maji matupu hayatoshi. Litiwe maji ya sabuni, yalale, kisha lisuuzwe tena. Kisha lianikwe kichwa chini kivulini, kifuniko kikiwa wazi.

Tatizo letu la mlimani ni kwamba maji yaliyo karibu ni ya mfongo, na mkono wenye bomba huenda wenyewe mfongoni. Babu zetu walichimba mifongo na kuweka masharti makali ya kuitunza, na maji apitishayo mtu wa juu ndiyo ayachotayo mtu wa chini kwa kupikia. Aidha, shaba haiozi. Wataalamu waliopima udongo wa mashamba ya zamani ya Kilimanjaro waliikuta imerundikana kutokana na dawa za miaka mingi. Tuna nafuu moja: miche bora ya Taasisi ya Utafiti wa Kahawa, TaCRI, iliyoanzishwa mwaka 2001, inastahimili chulebuni na kutu, na aliyeipanda hupiga dawa kidogo mno. Hata hivyo miti ya zamani ni mingi, na bomba halijastaafu.

Katika mkutano mkuu wa mwaka huu Halmashauri italeta hoja kwamba kila chama cha msingi kijenge mahali pa kuoshea mabomba, mbali na mfongo, penye sakafu ya saruji na shimo lake, na chumba cha kufungia makopo matupu mpaka yachukuliwe. Gharama zimeandikwa katika makisio yatakayogawiwa mlangoni. Wajumbe wanaombwa wayasome kabla ya kupiga kura, na wenye viwanja vilivyo karibu na maghala, walio tayari kutoa sehemu, wamwone Katibu.