Hakuna Msanii

Nilipoamka mashine ilikuwa imeshamaliza. Usiku kucha ilisoma mafaili 312 ya nyimbo, kataa kake kakipepesa juu ya kabati la vyombo la mama, hapa nyumbani Tunduma. Nikachukua simu, nikafungua kivinjari, nikaandika anwani ya mashine na namba 9000 mwishoni. Orodha ikaja. Nyimbo zote zilikuwa chini ya maelezo mamoja: hakuna msanii, hakuna albamu, hakuna mwaka.

Mashine yenyewe ni ReadyNAS Duo, kasha dogo la kuhifadhia mafaili. Ina diski mbili. Kinachoandikwa kwenye moja kinanakiliwa kwenye nyingine. Niliinunua kwa wakala wa forodha aliyekuwa akihama ofisi. Miaka yote ilikuwa imetunza nyaraka za malori yanayovuka kwenda Zambia na Kongo. Kumbukumbu yake ya kufanyia kazi ni megabaiti 256 tu. Hata simu yangu ya bei ya chini inaizidi mbali. Lakini inaweza kuendesha sava ya muziki, na hicho ndicho nilichokitaka, kwa sababu ya kaseti za baba.

Baba alikuwa karani wa reli. TAZARA ilipokabidhiwa mwaka 1976, Tunduma ikawa kituo cha mwisho upande wetu kabla ya Nakonde. Mshahara ukamnunulia redio kaseti. Jioni aliiweka dirishani, akabonyeza vitufe viwili kwa pamoja, akatuonyesha kidole mdomoni tunyamaze. Kwenye kaseti aliandika tarehe tu. Majina ya nyimbo alikuwa nayo kichwani, akaondoka nayo mwaka 2011.

Zamani nilidhani kurekodi redioni ni mambo ya wasio na hela ya sahani. Kumbe kwa miaka mingi sahani zenyewe zilikuwa shida. Bendi zetu zilirekodi Radio Tanzania Dar es Salaam, na mikanda ikabaki redioni. Sahani zilitengenezwa Nairobi. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, mpaka wa Kenya ukafungwa hadi 1983. Wimbo uliorekodiwa Dar katika miaka hiyo ungeweza kuishi kwenye mkanda mmoja wa redio, na kwenye kaseti za watu kama baba waliokuwa wamekaa tayari dirishani. Redio yenyewe ikawa TUT mwaka 2002, kisha TBC mwaka 2007.

Basi nikaanza kujaza majina. Mwalimu wangu akawa mama. Nilimwekea spika ndogo jikoni, nikabonyeza wimbo kwenye simu, nikasubiri.

"Hao NUTA," alisema wimbo wa kwanza. Wa tatu akasema, "JUWATA." Wa tano, "Msondo."

"Mama, hizo ni bendi tatu?"

"Ni bendi moja, mwanangu. Ilibadilishwa jina kila chama cha wafanyakazi kilipobadilishwa jina."

Ni kweli. NUTA Jazz ilianza mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, ikawa JUWATA, ikawa OTTU, leo ni Msondo Ngoma. Lakini sava haijui historia ya vyama. Ukiandika majina manne inakuonyesha wasanii wanne wasiofahamiana. Ukiandika moja, umefuta nyakati tatu. Nilikaa na kisanduku kile kitupu jioni nzima. Mwishowe niliandika jina la wakati wimbo ulipopigwa, na mengine nikayaweka kwenye maelezo.

Halafu nikacheka, maana programu niliyokuwa nikiilaumu ina historia ileile. Ilianza na kampuni ya Slim Devices ya Marekani ikiitwa SlimServer, imeandikwa kwa Perl, na chanzo chake kiko wazi kwa yeyote. Logitech ikainunua kampuni hiyo mwaka 2006. Programu ikawa SqueezeCenter, ikawa Squeezebox Server, ikawa Logitech Media Server. Vifaa vyake viliacha kutengenezwa mwaka 2012, lakini watumiaji waliendelea kuitunza wenyewe. Sasa inaitwa Lyrion. Kwenye kasha langu linaishi toleo la zamani.

Upande wa pili wa kaseti kadhaa ulimshinda mama. Lilikuwa gitaa jingine, na Kibemba. Baba alikuwa amegeuza masafa kwenda Lusaka, ambako Kaunda aliwahi kuagiza redio ya taifa ipige asilimia 95 muziki wa nyumbani. Nilimwita mama mmoja wa Nakonde anayeuza vitenge sokoni kwetu. Alisikiliza nyimbo mbili akiwa amesimama, ya tatu akaomba kiti. "Hii kalindula," akasema, akaanza kutaja majina haraka kuliko nilivyoweza kuandika.

Mwezi wa nne umeme ulikatika mara tatu katika usiku mmoja, na diski moja haikuamka tena. Ile nyingine ilikuwa na kila kitu. Nilinunua diski mpya mjini, nikaichomeka, mashine ikatumia saa nyingi kunakili ya zamani. Nikakaa nikiitazama, nikimfikiria mama. Yeye hana diski ya pili. Siku hizi anauliza mara mbili kama nimekula. Juzi wimbo alioutambua Januari aliusikiliza mpaka mwisho, akasema ni mzuri, ni wa nani?

Nikamwambia. Nilikuwa nimeuandika.

Zimebaki 41. Kila Jumamosi baada ya chai tunafanya tano, zikizidi anachoka. Sasa narekodi na sauti yake pia akieleza, na mafaili hayo nayaweka kwenye kasha lilelile. Sava ilipoyasoma mara ya kwanza iliandika, kama kawaida yake, hakuna msanii. Hapo sikuhitaji kuuliza mtu. Nikaandika jina la mama.