Aliyekwenda Kariakoo

Wapo wageni wanaosafiri kutoka Ulaya na Afrika Kusini hadi Taveta, mpakani mwa Kenya na Tanzania, si kwa ajili ya tembo wala Mlima Kilimanjaro, bali kutazama kilima kidogo chenye vichaka na miiba. Kilima hicho ni Salaita. Tarehe 12 Februari 1916 askari wa Afrika Kusini walikishambulia, wakakuta jeshi la Wajerumani, lenye askari wengi weusi, linawangojea. Wakatimuliwa. Zaidi ya 130 kati yao waliuawa, walijeruhiwa au hawakuonekana tena.

Nami nimefika huko, kisha nikaingia katika makaburi ya kijeshi pale Taveta mjini. Mawe yamepangwa kwa mstari, yana majina, vikosi na tarehe. Mjukuu akija leo kutoka Durban ataonyeshwa mahali alipolala mtu wake, ataweka shada la maua, atalia kidogo. Sina ugomvi na jambo hilo. Anayekuja kumzuru marehemu wake kutoka mbali astahili heshima. Neno langu ni juu ya wale ambao hawapo katika mistari ile.

Vita ile ya 1914 hadi 1918 haikupiganwa kwa bunduki peke yake. Mbung'o waliwaua farasi na nyumbu, magari yalikwama matopeni, kwa hiyo unga, risasi na hata vipande vya mizinga vilibebwa na watu. Na mpagazi naye hula. Safari ikiwa ndefu, sehemu kubwa ya unga uliobebwa huishia matumboni mwa wabebaji wenyewe, basi wakakamatwa watu wengine, na wengine tena. Waingereza walichukua mamia ya maelfu. Wanahistoria wanakadiria kwamba waliokufa kwa upande huo wanakaribia laki moja, wengi wao si kwa risasi bali kwa kuhara damu, malaria na njaa. Mvua za mwanzo wa 1917 katika bonde la Rufiji ziliwamaliza wengi. Wajerumani nao walikuwa na wapagazi wao, ambao hesabu yao haikutunzwa vizuri.

Kwetu Upareni alichukuliwa mdogo wake baba wa babu yangu. Wazee walisema tu, "Alikwenda Kariakoo." Mtoto wa leo akisikia hivyo atadhani alikwenda sokoni! Lakini jina hilo limetokana na kikosi cha wapagazi cha Waingereza, ambao waliingia Dar es Salaam Septemba 1916 na kuwaweka wapagazi wao hapo. Kariakor ya Nairobi asili yake ni hiyo hiyo.

Si mbali na Kariakoo ya Dar es Salaam ipo sanamu ya Askari, iliyozinduliwa 1927. Maandishi yake yanawataja wapagazi, ila aliyesimama juu ni mwenye bunduki. Nairobi walifanya vizuri zaidi, maana kule mpagazi naye amechongwa. Majina, hata hivyo, hayapo kote kuwili. Maofisa wa wakati ule waliona kwamba Mwafrika hana haja ya jiwe lenye jina.

Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola iliomba radhi. Uchunguzi wake ulionyesha kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hata 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Januari 2025 ikazinduliwa kumbukumbu Cape Town yenye majina zaidi ya 1,700 ya watumishi wa vita wa Afrika Kusini. Hayo yaliwezekana kwa sababu daftari zilipatikana.

Huku kwetu majina mengine yamo vichwani mwa wazee, si katika daftari. Katika ukoo wetu amebaki shangazi mmoja anayelijua la yule aliyekwenda Kariakoo, na kijiji alikochukuliwa. Mwezi uliopita nilikwenda kwake na kalamu. Alinitajia pia wengine wanne waliofungwa kamba moja naye.