Tezi Dundumio

Mtajie fundi wa majahazi wa Matondoni, kisiwani Lamu, neno tezi, naye atakuelekeza nyuma ya chombo, upande anaokaa mshika usukani. Daktari akilitamka neno lilo hilo, anataja kiungo cha mwili kinachotengeneza kemikali au majimaji na kuyatoa yafanye kazi. Viungo vya namna hiyo ni vingi, kwa hiyo tezi ya mwilini haitoshelezwi na jina moja. Wanaume wana tezi dume. Sote, wake kwa waume, tuna tezi dundumio: iko mbele ya shingo, chini kidogo ya kikoromeo, na umbo lake ni la kipepeo aliyetandaza mbawa.

Mwingereza Thomas Wharton aliipa tezi hii jina mwaka 1656 kwa neno la Kigiriki lenye maana ya ngao. Kiswahili hakikuifuata ngao hiyo. Baadhi ya waandishi husema thairoidi. Mimi nashika dundumio, kwa kuwa linatamkika bila taabu na halichanganyiki na kiungo kingine.

Yanayochanganywa ni maneno rovu na saratani. Rovu ni uvimbe wa tezi hiyo, na rovu nyingi si saratani. Duniani kisababishi chake kikubwa ni upungufu wa aidini, ambayo ndugu zetu wa Tanzania huiita madini joto. Jina hilo limezoeleka, ila lisikupotoshe: aidini yenyewe haina joto. Tezi dundumio huitumia kutengeneza homoni, na homoni hizo ndizo husimamia joto la mwili na kasi ya kazi zake.

Hapa Amu, yaani Lamu, husemwa kwamba rovu ni ya watu wa bara, sisi tunakula samaki. Pemba nao wanakula samaki. Hata hivyo, utafiti uliofanywa Zanzibar mwanzoni mwa miaka ya 2000 uliikuta rovu kwa watoto wa shule wa Unguja na Pemba, na Pemba, ambako chumvi yenye aidini ilikuwa adimu mno, ndiko ilikozidi. Bahari peke yake si kinga.

Saratani ni jambo jingine. Neno tumelitoa kwa Waarabu, na kwao ni kaa, yule yule aliyeipa jina burji ya Saratani. Katika saratani ya dundumio, chembe za tezi huzaana bila mpaka na huweza kuhamia kwingine. Kwa makadirio ya mwaka 2022, duniani palikuwa na visa vipya kama 821,000 na vifo kama 47,500. Wanawake hupatwa takriban mara tatu ya wanaume.

Hapo "visa vipya" ni istilahi ya kuangaliwa vizuri: ni wagonjwa waliogunduliwa katika muda fulani, si wote walio nao ugonjwa. Korea Kusini ilipoanza kuwapima watu wazima shingo kwa mashine ya mawimbi ya sauti, visa vya mwaka 2011 vilifika mara 15 ya vile vya mwaka 1993, na vifo havikubadilika. Wengi walikutwa na vivimbe vidogo ambavyo pengine visingewadhuru maisha yao yote. Kwa hiyo nchi yenye visa vichache huenda ina vipimo vichache tu.

Vihatarishi vya kweli vipo. Mnururisho utotoni ni mkubwa kati ya hivyo: baada ya ajali ya kinu cha nyuklia cha Chernobyl ya Aprili 1986, maelfu ya waliokuwa watoto, wengi wao wakiwa wamekunywa maziwa yenye aidini ya mnururisho, waliugua saratani hii. Wengine huirithi katika ukoo. Upungufu wa aidini nao huandamana na aina za saratani hii zilizo kali kuliko ile ya kawaida, ambayo hutibika vizuri.

Basi nunua chumvi yenye aidini na uifunike, kwani unyevu wa pwani huipunguza nguvu. Ukiona uvimbe shingoni unaokua, au sauti imekwaruza wiki kadhaa, usiuite rovu ukanyamaza. Nenda hospitali, umwambie daktari: nitazame tezi dundumio.